Bunda na Dzaleka: Chuo Kikuu cha Kilimo na Kambi ya Wakimbizi katika Uwanda wa Lilongwe, 1964–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya taasisi mbili zilizo katika uwanda wa kati wa Malawi. Ya kwanza ni Chuo cha Kilimo cha Bunda, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe (LUANAR). Ya pili ni Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kugeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kwa kawaida historia ya chuo huandikwa na wanaoshughulikia elimu, na historia ya kambi huandikwa na wanaoshughulikia misaada ya kibinadamu. Makala yanazisoma historia hizi mbili kwa pamoja, na yanadai kwamba zote mbili zilitokana na maamuzi ya dola moja kuhusu nani ana haki juu ya ardhi, maarifa na uraia. Aidha, yanaonyesha kuwa ukimataifa wa chuo ulijengwa kupitia wafadhili na mitandao ya kikanda, ilhali watu wa kanda hiyohiyo waliokuwa jirani na chuo walibaki nje ya lango lake. Mwishoni yanatoa mapendekezo ya kisera, yakiwemo yanayohusu nafasi ya Kiswahili.

1. Utangulizi

Uwanda unaoanzia Lilongwe kuelekea Kasungu ni ghala la Malawi. Mvua zake huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo michache wakulima hupanda mahindi, karanga, soya na tumbaku. Atakayejua kuutumia vizuri msimu huo hula mwaka mzima; atakayeukosa hulazimika kusubiri mwingine. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaruhusiwa kulima, na nani anafundishwa kulima vizuri zaidi, ni swali la maisha na kifo katika eneo hili.

Kusini magharibi mwa jiji la Lilongwe, umbali wa kilomita 30 hivi, iko kampasi ya Bunda. Kaskazini mwa jiji hilohilo, umbali wa kilomita 45 hivi, katika Wilaya ya Dowa, iko Dzaleka. Kampasi ya Bunda ina mashamba ya majaribio, mabwawa ya samaki, maabara na kumbi za mihadhara. Dzaleka ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa au kulelewa katika familia za wakulima wa Kivu, Katanga, Burundi na Rwanda. Sehemu hiyo ilipangwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Umbali kati ya taasisi hizi mbili ni wa safari ya asubuhi moja tu, lakini kihistoria kumekuwa na umbali mwingine usiopimwa kwa kilomita. Huo ndio unaochunguzwa hapa.

2. Chuo kilichozaliwa na uhuru

Nyasaland ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 na kuitwa Malawi. Nchi ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache sana, na waliokuwepo walikuwa wamesomea nje: Makerere, Fort Hare, Uingereza, Marekani na India. Chuo Kikuu cha Malawi kiliundwa kisheria mwaka huohuo wa uhuru, na masomo yakaanza Chichiri, Blantyre, mwaka 1965. Mwaka 1967 vyuo kadhaa viliunganishwa chini ya mwavuli wake, kikiwemo Chuo cha Kilimo cha Bunda, kilichojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID.

Uamuzi wa kukijenga chuo cha kilimo karibu na Lilongwe ulikwenda sambamba na siasa ya Rais Hastings Kamuzu Banda ya kuhamishia kitovu cha nchi katika Mkoa wa Kati. Mwaka 1968 Programu ya Maendeleo ya Ardhi ya Lilongwe ilianza kwa fedha za Benki ya Dunia. Katika mwaka huohuo mkopo wa Afrika Kusini ulifungua njia ya ujenzi wa mji mkuu mpya, na mwaka 1975 makao makuu yakahamishwa rasmi kutoka Zomba hadi Lilongwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Chitedze kilikuwa tayari kipo magharibi mwa mji. Hivyo ndani ya muongo mmoja uwanda huu ulikusanya vitu vinne ambavyo mara nyingi hutenganishwa: ardhi nzuri, fedha za maendeleo, utafiti na madaraka ya nchi.

Dhamira ya awali ya Bunda ilikuwa ya kitaifa na ya kivitendo. Chuo kilitakiwa kutoa maafisa wa kilimo na ugani watakaowafikia wakulima wadogo, pamoja na wataalamu wa kusimamia mashamba makubwa ya tumbaku yaliyokuwa yakipanuka kwa kasi katika miaka ya 1970. Kazi hizo mbili zilikinzana. Sheria na mikopo ya wakati huo iliyapendelea mashamba makubwa, na mkulima mdogo hakuruhusiwa kulima tumbaku ya aina ya burley, iliyokuwa na soko zuri, hadi mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chuo kiliwafundisha vijana jinsi ya kuongeza mavuno ya mkulima ambaye dola ilikuwa imekwisha kumwekea mipaka ya nini alime. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa litajirudia kwa sura nyingine Dzaleka: maarifa ya kilimo hayatoshi pale ambapo haki ya kuyatumia haipo.

3. Waziri wa elimu aliyegeuka mkimbizi

Miezi miwili tu baada ya uhuru, Septemba 1964, serikali ya Malawi iligawanyika katika kilichoitwa Mgogoro wa Baraza la Mawaziri. Baadhi ya mawaziri walifukuzwa na wengine wakajiuzulu. Mmojawapo wa waliojiuzulu ni Henry Masauko Chipembere, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Baada ya uasi wake wa Februari 1965 kushindwa, alitoka nchini, akaishi Marekani na kwa kipindi fulani Dar es Salaam, na hatimaye alifariki uhamishoni mwaka 1975. Kanyama Chiume, aliyewahi kuishika Wizara ya Elimu kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikimbilia Tanzania. Chiume alikuwa amesoma Tanganyika tangu utotoni na baadaye Makerere. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya uandishi, na wasomaji wa Tanzania walimfahamu kama mwandishi wa vitabu katika lugha hiyo.

Kwa hiyo watu wawili waliowahi kusimamia elimu ya Malawi katika miaka ya kuundwa kwa chuo kikuu waliishia kuwa wakimbizi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Tanzania iliwapa makazi, kazi na nafasi ya kuandika. Historia rasmi ya vyuo vikuu vya Malawi haisisitizi sana jambo hili, lakini mtafiti wa uhusiano kati ya elimu ya juu na ukimbizi hawezi kuanza mahali pengine.

Mgogoro huohuo uliizaa Dzaleka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 serikali ilitumia kanuni za usalama kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na Dzaleka ikawa mojawapo ya magereza yaliyoogopwa zaidi. Jina lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa kauli ya mtu aliyekwisha kukomeshwa: sitarudia tena. Katika kipindi kilekile ambacho serikali ilikuwa ikipima viwanja vya Bunda kwa ajili ya watu iliotaka waijenge nchi, ilikuwa ikiimarisha Dzaleka kwa ajili ya watu iliotaka waondolewe katika maisha ya nchi.

4. Kutoka wageni wa vijijini hadi wakazi wa kambi

Dzaleka haikuwa mwanzo wa Malawi kupokea wakimbizi. Vita vya Msumbiji vya miaka ya 1980 vilisukuma watu kuvuka mpaka kwa wingi, na kufikia mwaka 1992 zaidi ya Wamsumbiji milioni moja walikuwa Malawi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na wakazi wasiofika milioni kumi. Wengi wao walikaa katika vijiji na makazi ya mpakani, miongoni mwa watu waliozungumza nao lugha moja au lugha za jamaa moja. Baada ya Mkataba wa Amani wa Roma wa Oktoba 1992, sehemu kubwa yao ilirejea kwao katika miaka michache iliyofuata.

Katika kipindi hicho ndipo msingi wa kisheria uliopo hadi leo ulipowekwa. Desemba 1987 Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na Itifaki ya 1967, lakini kwa masharti. Ilitamka kuwa vifungu kadhaa itavichukulia kama mapendekezo tu na si wajibu wa kisheria. Miongoni mwake ni kifungu cha 13 kuhusu mali, cha 19 kuhusu taaluma na cha 22 kuhusu elimu. Pia ilijiwekea mipaka katika kifungu cha 17 kuhusu ajira, na katika kifungu cha 26 ilijihifadhia haki ya kupanga mahali ambapo mkimbizi atakaa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1989 ilifuata.

Masharti hayo yanaeleweka yakitazamwa katika wakati wake. Nchi ndogo, maskini na yenye msongamano mkubwa wa watu ilikuwa imefurikwa na wageni, na iliogopa kuahidi isichoweza kutekeleza. Hata hivyo, masharti yaliyowekwa kwa ajili ya dharura ya Wamsumbiji yaliendelea kubaki baada ya Wamsumbiji kuondoka, nayo yakawakuta watu wengine kabisa.

Mwaka 1994 mambo mawili yalikutana. Malawi ilifanya uchaguzi wa vyama vingi tarehe 17 Mei, na utawala wa miaka 30 wa Banda ukafikia mwisho. Wakati huohuo mauaji ya kimbari ya Rwanda, vita vya Burundi na kuporomoka kwa Zaire vilikuwa vikiwatawanya watu katika Maziwa Makuu. Gereza la Dzaleka, ambalo demokrasia mpya haikulihitaji tena, lilipewa kazi ya kuwa kambi. Tofauti na Wamsumbiji, wageni hawa walitoka mbali, hawakuwa na ukoo na wenyeji, na hawakufahamu Chichewa. Lugha iliyowaunganisha wao kwa wao, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa, ilikuwa Kiswahili. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika Wilaya ya Dowa, katikati ya Malawi, Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya ibada, ya muziki na ya redio ya jamii inayoitwa Yetu.

5. Kutoka chuo kishiriki hadi chuo kikuu chenye sura ya kimataifa

Bunda nayo ilikuwa ikibadilika. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilijihusisha na miradi ya utafiti iliyovuka mipaka, hasa utafiti wa maharage uliofanywa kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2004 wakuu wa vyuo vikuu kumi vya Afrika waliunda RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu kwa ajili ya kujenga uwezo katika kilimo, wenye makao yake Kampala. Kupitia mitandao ya aina hiyo, Bunda iliendesha mafunzo ya umahiri na uzamivu yaliyopokea wanafunzi kutoka nchi jirani, yakiwemo ya uchumi wa kilimo na ya ufugaji wa samaki.

Mabadiliko makubwa ya kimuundo yalikuja mwaka 2011, Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha LUANAR. Mwaka uliofuata chuo kipya kikaanza kazi, Bunda ikiwa imetengwa na Chuo Kikuu cha Malawi na kuunganishwa na Chuo cha Maliasili cha Lilongwe, kilichokuwa kikitoa mafunzo ya kada ya kati. Huo ulikuwa mwanzo wa kuvunjwa kwa muundo wa mwaka 1967. Vyuo vingine vishiriki vilijitenga mwaka 2021.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianza awamu ya pili ya mradi wa Vituo vya Umahiri vya Afrika, ikihusisha nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika na kuratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki. LUANAR ilipata kituo cha ufugaji wa samaki na uvuvi kiitwacho AquaFish, kama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) cha Morogoro kilivyopata vituo vyake. Mojawapo ya vigezo vilivyotumika katika kuvilipa vituo hivyo ilikuwa kudahili wanafunzi wa kikanda, yaani wasio raia wa nchi mwenyeji. Kwa mara ya kwanza ukimataifa wa kampasi ukawa jambo linalohesabiwa na kulipiwa.

Hapa ndipo historia mbili zinapogusana. Mkongomani anayetoka Bukavu akiwa na pasipoti na barua ya ufadhili huitwa mwanafunzi wa kikanda, na uwepo wake ni mafanikio ya chuo. Mkongomani aliyelelewa Dowa, aliyesoma mtaala wa Malawi na anayefahamu misimu ya uwanda huu kuliko mgeni yeyote, huitwa mkimbizi, na uwepo wake ni suala la wizara ya usalama. Wote wawili wametoka nchi moja. Kinachowatofautisha ni aina ya karatasi walizoshika.

6. Chuo kikuu kilichoifuata kambi

Pengo hilo halikukaa tupu. Mwaka 2010 Wajesuiti, kupitia mpango wao wa elimu ya juu pembezoni, walianzisha Dzaleka masomo ya stashahada yaliyofundishwa kwa njia ya mtandao, na cheti kikatolewa na Regis University ya Denver, Marekani. Kambi ya Kakuma nchini Kenya ilianza wakati huohuo. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2013. Baadaye mpango huo ukawa Jesuit Worldwide Learning, na Southern New Hampshire University nayo ikaleta shahada za mtandaoni kwa wakimbizi. Sambamba na hayo, wachache hupata ufadhili wa DAFI, unaotolewa kwa fedha za Ujerumani tangu 1992, na wengine huchaguliwa kila mwaka kwenda vyuo vya Kanada kupitia shirika la WUSC.

Juhudi hizi zinastahili heshima. Zimetoa walimu, wakalimani, wabunifu wa programu za kompyuta na viongozi wa asasi. Lakini zikitazamwa kihistoria, zinaibua swali gumu. Kijana wa Dzaleka anaweza kusoma kwa mhadhiri aliye Colorado au New Hampshire kwa urahisi zaidi kuliko kusoma kwa mhadhiri aliye upande wa pili wa Lilongwe. Na anachosoma mara nyingi ni sanaa huria, biashara, ualimu au teknolojia ya habari, kwa kuwa masomo hayo yanawezekana kwa skrini na umeme. Kilimo hakisomwi hivyo. Kilimo kinataka udongo, mbegu, maabara, mifugo na msimu mzima wa kutazama mmea ukikua. Kambi iliyoko katika ardhi bora ya kilimo nchini imepata karibu kila aina ya elimu ya juu isipokuwa ile inayofanana na mahali ilipo.

7. Vizuizi vitatu

Utafiti wa kihistoria hauwezi kuishia katika kusema kuwa mlango umefungwa. Sharti uonyeshe jinsi unavyofungwa. Vizuizi vikuu ni vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni cheti. Shule za kambini hufuata mtaala wa Malawi, na mwanafunzi anayefika mwisho wake hufanya mtihani wa MSCE. Huyo ana karatasi inayosomeka. Lakini aliyewasili akiwa mtu mzima hubeba Diplôme d'État ya Kongo au cheti cha Burundi, kilichoandikwa kwa Kifaransa na chenye alama za asilimia, ambacho sharti kilinganishwe kabla ya kukubaliwa. Wengine walikimbia bila cheti chochote. Shule zilizochomwa na ofisi zilizoporwa hazitoi nakala.

Kizuizi cha pili ni uraia. Udahili wa pamoja wa vyuo vya umma unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, pamoja na mikopo ya serikali, vilibuniwa kwa ajili ya raia. Suala la nani ana haki ya kiti cha chuo kikuu ni jeraha la zamani Malawi. Mwaka 1987 serikali ilianzisha mgao wa nafasi kwa kuzingatia asili ya mwanafunzi, hatua iliyowaumiza hasa wa Mkoa wa Kaskazini, na mwaka 2009 mgao wa aina hiyo ukarejeshwa. Nchi ambayo raia wake wenyewe wamegombana kwa miongo kuhusu uchache wa nafasi haiwezi kulaumiwa kwa kusitasita inapoombwa kuwafikiria wasio raia. Hoja ya makala haya si kwamba hofu hiyo haina msingi. Ni kwamba hofu hiyo inapaswa kujibiwa kwa kuongeza nafasi, kwa fedha za kimataifa, na si kwa kunyamaza.

Kizuizi cha tatu ni lugha. Elimu ya juu Malawi hutolewa kwa Kiingereza, na ugani wa kilimo huwafikia wakulima hasa kwa Chichewa. Msemaji wa Kiswahili na Kifaransa hubaki kati ya lugha hizo mbili. Hata hivyo hasara hii ni ya pande zote. Wakulima wa nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kivu wana uzoefu mrefu wa maharage ya kutambaa, migomba na mihogo katika mashamba madogo yenye mteremko. Ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba uliosumbua Malawi unafahamika pia Burundi na mashariki mwa Kongo. Viwavijeshi vamizi vilivyoingia Malawi katika msimu wa 2016/17 vilishambulia mahindi ya Tanzania, Kenya na Kongo bila kuuliza mipaka. Maarifa kuhusu visumbufu hivyo yamekwisha kuandikwa na kutangazwa kwa Kiswahili katika nchi nyingine, na SUA ina uzoefu mkubwa katika hilo. Mtu wa kuyavusha kutoka lugha moja hadi nyingine yupo Dzaleka.

8. Ulinganisho na Tanzania na Uganda

Historia ya jirani inaonyesha kuwa njia nyingine iliwahi kujaribiwa. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Walipewa ardhi ya kulima, si mgao wa chakula wa kudumu. Baada ya miaka michache makazi hayo yalijitegemea kwa chakula na kuuza ziada, ikiwemo tumbaku. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, wakazi wake wapatao 162,000 waliingia katika mchakato wa kupewa uraia wa Tanzania. Si kweli kwamba njia hiyo haikuwa na dosari, na Tanzania yenyewe iliibana sera yake baada ya wimbi la miaka ya 1990. Lakini mfano wa Mishamo unathibitisha kwamba neno makazi na neno kambi hubeba sera mbili tofauti.

Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, huwaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea, na katika makazi kama Nakivale huwapa viwanja vya kulima. Mwaka 2016 RUFORUM, kwa ufadhili wa Mastercard Foundation, ilianza mpango wa kilimo katika vyuo vikuu vya Gulu na Egerton, uliowalenga pia vijana kutoka maeneo yaliyoathiriwa na vita. Yaani mtandao uleule ambao LUANAR ni mwanachama wake umekwisha kuonyesha kuwa chuo cha kilimo kinaweza kudahili kwa kuangalia hali ya mtu bila kushusha kiwango.

Malawi, kwa upande wake, ilielekea kwingine. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya Dzaleka warejee kambini, na mwezi Mei operesheni za kuwaondoa zikaanza Lilongwe na kwingineko. Kambi iliyokuwa imefurika ikaongezewa watu, wakati mgao wa chakula ukiwa umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu ya upungufu wa michango. Hoja ya serikali ilikuwa usalama na ulinzi wa biashara za wenyeji. Matokeo yake yalikuwa kuongeza idadi ya watu wanaolishwa katika ardhi ambayo wangeweza kuilima.

9. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na historia iliyoelezwa, mapendekezo manne yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, masharti ya mwaka 1987 yapitiwe upya, kuanzia na kifungu cha 22. Yaliwekwa kwa ajili ya dharura iliyokwisha kupita, na kuyaondoa katika eneo la elimu hakutailazimisha serikali kufungua soko la ajira siku hiyohiyo.

Pili, wafadhili wanaolipia udahili wa kikanda wakubaliane na vyuo kwamba mkimbizi aliyesajiliwa ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa kikanda. Kwa njia hiyo kiti chake kitalipiwa kutoka nje na hakitapunguza kiti cha Mmalawi. Jumuiya ya kimataifa imejiwekea lengo la kuwafikisha 15% ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa masomo ya skrini peke yake.

Tatu, paanzishwe mafunzo mafupi ya kilimo yatakayowaweka pamoja vijana wa Dzaleka na wa vijiji vya Dowa. Wenyeji na wakimbizi tayari wanatumia soko moja, zahanati moja na shule moja. Shamba darasa moja halitakuwa jambo geni kwao. Mpango unaomwacha nje mwenyeji maskini utazua chuki, na kwa haki.

Nne, Kiswahili kitumike kama lugha ya daraja. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Uamuzi huo umezungumzwa sana kuhusu mikutano ya wakuu wa nchi na machache yamesemwa kuhusu mashamba. Malawi inatafuta walimu na wakalimani wa Kiswahili, na inao maelfu ya wasemaji wake ndani ya mipaka yake. Istilahi za kilimo za Kiswahili na Chichewa zinaweza kukusanywa na kulinganishwa kwa ushirikiano wa LUANAR, SUA na wakazi wa Dzaleka wenyewe, kwa gharama ndogo.

Historia ya Bunda na Dzaleka ni historia ya dola iliyojenga shule kwa mkono mmoja na gereza kwa mkono mwingine, katika muongo mmoja na katika uwanda mmoja. Gereza lilipokwisha, ua wake ulibaki kwa sura ya sheria, na waliokaa ndani yake wakawa watu ambao hawakuwa na kosa lolote. Chipembere na Chiume walipokimbia walipata kwa majirani nafasi ya kufundisha na kuandika. Deni hilo la kihistoria halijaandikwa katika mkataba wowote, lakini lipo, na wanaolidai ni wajukuu wa wakulima wa Maziwa Makuu wanaoutazama msimu mwingine wa mvua ukiingia uwandani bila wao kupanda.